Ardhi ya Ukoo na Afya ya Mwanamke: Somo la Shauri la Muleba

Mhudumu wa afya anapochukua historia ya mgonjwa huuliza umri, maradhi yaliyopita, dawa zinazotumika na watu anaoishi nao nyumbani. Ni nadra kuuliza shamba analolima ni la nani. Katika wilaya za Bukoba na Muleba swali hilo lina uzito wa kitabibu. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ndicho chakula cha kaya, ndicho nauli ya kwenda hospitali, na ndimo yalimo makaburi ya wazee. Mwanamke anayeondolewa kibanjani hapotezi mahali pa kulima tu. Anaiacha kliniki alikoandikishwa, anamwacha jirani aliyekuwa akimkumbusha kumeza dawa, na mara nyingi anawaacha watoto wake.

Sheria inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake ipo, na hatua moja kubwa katika ukuaji wake nchini Tanzania ilianzia Muleba kwenyewe. Shauri lenyewe husomwa na wanafunzi wa sheria ndani na nje ya Afrika. Linastahili kusomwa pia na muuguzi, tabibu na mgonjwa, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa uzee na ukosefu wa matunzo.

Mauzo ya shilingi 300,000

Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Umri ukamwelemea, nguvu zikapungua, naye hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza ardhi hiyo kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo wake, kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata Bernardo Ephrahim, ambaye kwake Holaria alikuwa shangazi, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Aliomba mauzo yatamkwe kuwa batili, kwa hoja kwamba mila ya Wahaya haimpi mwanamke mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. (Wasomaji wa tiba wanalijua jina la Kashasha kwa jambo jingine kabisa: mlipuko wa kicheko uliozuka katika shule ya wasichana mnamo Januari 1962, ambao hadi leo hutajwa katika mafunzo ya afya ya akili.)

Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na mdai. Mauzo yalibatilishwa, na Holaria akaamriwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Katika rufaa ya kwanza, Mahakama ya Wilaya ya Muleba iliugeuza uamuzi huo. Hakimu Ngonyani aliona kwamba haki zilizotangazwa katika Katiba zimeishinda kanuni ya mila inayomnyima mwanamke usawa. Bernardo Ephrahim akakata rufaa tena, Rufaa ya Madai Na. 70 ya 1989, mbele ya Mahakama Kuu ya Tanzania huko Mwanza. Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu tarehe 22 Februari 1990, na Holaria akashinda.

Ili kuielewa hukumu hiyo, ni lazima kujua kilichokuwa kimeandikwa kabla yake. Mila za urithi za jamii nyingi za Tanzania Bara zinazofuata ukoo wa baba ziliwekwa katika maandishi ya serikali kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Mila za Wahaya zilikuwa zimekwisha kukusanywa kitabuni na Hans Cory na M. M. Hartnoll mwaka 1945. Tangazo la 1963 liliwapanga warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza katika daraja la kwanza, wana wengine wa kiume katika la pili, na mabinti katika la tatu. Kanuni ya 20 iliwaruhusu wanawake kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo waliweza kuitumia maisha yao yote lakini si kuiuza, ila kama ukoo hauna mwanamume yeyote aliyebaki. Kuhusu mjane, kanuni zilisema kwamba hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Mwaka 1968, katika shauri lingine la ardhi ya Wahaya, Mahakama Kuu ilikuwa imesema kwamba inawahurumia mabinti, lakini si kazi ya mahakama kuigeuza mila. Mabadiliko ya mila lazima yaanze na wenye mila. Kilichobadilika baada ya hapo ni Katiba. Mwaka 1984 haki za msingi ziliingizwa humo kwa mara ya kwanza, zikaanza kutumika mwaka 1985, na serikali ikajipa muda hadi Machi 1988 kusafisha sheria zake zilizopingana na haki hizo kabla ya wananchi kuruhusiwa kuishitaki kwa ajili yake. Holaria aliuza ardhi yake miezi mitano tu baada ya muda huo kwisha. Jaji Mwalusanya alitumia Ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi, akaongeza Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, na Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake ambao Tanzania imeuridhia. Akaamua kwamba kanuni ya 20 inakiuka usawa, na tangu hapo isomwe kwa namna inayowapa wanaume na wanawake mamlaka yale yale.

Ukoo haukunyang'anywa haki yake

Hapa ndipo panapostahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndipo penye mafunzo ambayo mijadala ya majukwaani huyapita haraka.

Hoja ya ukoo haikuwa ya kipuuzi. Ardhi ya Kagera yenye rutuba ni ndogo, na vibanja vimejengwa kwa samadi na matandazo ya vizazi vingi katikati ya nyika ambazo zenyewe hazina rutuba. Kibanja kikienda kwa mgeni, hakuna kingine cha kukifidia. Mila iliona kwamba binti akiolewa anakwenda kwenye ukoo mwingine, na ardhi ikimfuata ukoo utabaki mikono mitupu. Mzee anayetetea kanuni hiyo mbele ya baraza hamchukii mwanamke. Anaogopa kupoteza makaburi ya babu zake.

Lakini tazama mila hiyo hiyo ilivyomtendea mwanamume. Mwanamume wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya wenzake hakubatilishiwa mauzo moja kwa moja. Ndugu zake walikuwa na haki ya kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Maslahi ya ukoo yalilindwa na muuzaji akabaki na fedha yake. Mwanamke peke yake ndiye aliyeambiwa kwamba tendo lake si kitu. Jaji hakuifuta haki ya kukomboa. Aliipanua, akatamka kwamba mauzo ya Holaria ni halali, na kwamba Bernardo Ephrahim anaweza kuikomboa ardhi kwa kulipa shilingi 300,000, kama ambavyo angefanya iwapo muuzaji angekuwa mwanamume. Vizuizi vilibaki, ila vikawa vizuizi vya wote.

Hiyo ndiyo maana halisi ya sheria ya kupinga ubaguzi, na inafaa kuirudia kwa wale wanaodhani kwamba sheria hiyo imekuja kuvunja mila. Haimuulizi mtu kwa nini anaulinda ukoo. Inauliza kwa nini gharama ya kuulinda ukoo inabebwa na jinsia moja. Kuna swali jingine ambalo mahakama haikulazimika kulijibu, nalo ndilo la mhudumu wa afya: ikiwa ukoo ulikuwa na ari ya kufika mahakamani siku moja tu baada ya mauzo, ari hiyo ilikuwa wapi miaka ambayo mzee huyu alikosa mtu wa kumtunza? Mila ya zamani haikutenganisha urithi na matunzo. Aliyerithi aliwajibika kuwatunza waliobaki. Kanuni zilipoandikwa kwenye gazeti la serikali, upande wa haki ya ardhi uliweza kudaiwa mahakamani kwa urahisi, na upande wa wajibu ukabaki kutegemea dhamiri ya mtu.

Virusi vilipofika kibanjani

Wakati shauri hilo likipanda kutoka Kashasha hadi Mwanza, Kagera ilikuwa ikizika. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huo mwaka 1983. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 na watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Umeå, Sweden, ulikuta maambukizi ya asilimia 24.2 miongoni mwa watu wazima wa mji wa Bukoba. Kufikia mwaka 1996 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3, miaka mingi kabla ya dawa za kupunguza makali ya virusi kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004.

Takwimu hizo hutajwa sana, na kushuka huko kunastahili sifa. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba vifo vya waume vijana viliwaacha wajane wengi ambao, kwa kanuni za 1963, hawakuwa na fungu. Mjane mwenye watoto wa kiume aliweza kubaki kwa mgongo wa watoto hao. Asiye na watoto, au mwenye mabinti watupu, alikuwa katika hatari. Mara nyingi ugonjwa wenyewe uligeuzwa kuwa shitaka: akaambiwa ndiye aliyeuleta nyumbani. Ubaguzi wa jinsia na ubaguzi wa ugonjwa ukakutana katika mtu mmoja, na ni vigumu kusema ni upi uliomfukuza.

Madhara kwa watoto yamepimwa. Utafiti wa kaya wa Kagera ulioanza mwaka 1991, ukawafuatilia watu wale wale hadi miaka ya 2000, ulionyesha kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kufikisha miaka 15 alikuja kuwa mtu mzima mwenye upungufu wa karibu sentimita 2 za kimo na mwaka mmoja wa shule. Sentimita 2 si jambo la sura. Ni alama ya lishe iliyokosekana wakati wa kukua. Utafiti huo ulihusu vifo, si kufukuzwa, lakini unaonyesha nafasi ya mama katika sahani ya mtoto. Kwa mila ambayo watoto ni wa ukoo wa baba, mama anayeondoka kibanjani anaweza kuwa hai na bado akawa mbali na sahani hiyo.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa imekwisha kuweka ulinzi mmoja ambao wahudumu wengi hawaujui: mwanamke aliyefiwa na mume yu huru kuishi anakotaka, kukaa bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vinginevyo. Kumlazimisha mjane arithiwe na ndugu wa marehemu hakuna msingi wa kisheria, na mshauri nasaha anaweza kulisema hilo waziwazi. Sheria hiyo hiyo inachukulia kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na kujulikana kwa watu kama mume na mke, ni wanandoa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kukosa cheti cha ndoa, basi, si sababu ya mwanamke kukaa kimya.

Nani mwenye kazi ya kuibadili mila?

Mtu angetarajia kwamba baada ya 1990 mambo yangenyooka. Hayakunyooka. Hukumu ya Mwalusanya haikulifuta Tangazo la 1963 kwenye vitabu, na majaji wengine hawakulazimika kuifuata. Wajane wawili wa Shinyanga waliponyimwa mali walizochuma na waume zao, walikwenda Mahakama Kuu wakitaka kanuni za urithi zitamkwe kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzibatilisha. Hofu yake ilikuwa kwamba mila za makabila yote zingeanza kupingwa moja baada ya nyingine. Ikaelekeza kwamba mabadiliko yaanzie kwa wananchi wenyewe kupitia halmashauri zao. Ilikuwa ni hoja ya 1968 imevaa nguo mpya. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa sababu za kiufundi.

Wajane hao walifika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikaamua kwamba Tanzania imekiuka mkataba. Iliitaka nchi iwafidie na irekebishe au ifute sheria za mila zinazobagua, zikiwemo hizo za urithi. Majirani walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo: Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 2005, katika shauri la Rono, iliwapa mabinti mafungu sawa na wana wa kiume, na Mahakama ya Katiba ya Uganda mwaka 2007 ikabatilisha vifungu vya Sheria ya Urithi vilivyowabagua wanawake.

Hoja ya kwamba mila ibadilishwe na wenye mila ina heshima yake. Udhaifu wake unaonekana wodini. Mjane mgonjwa hana miaka ishirini ya kusubiri ukoo ukubaliane, na wanaokaa kwenye kikao cha ukoo ndio hao hao wanaonufaika na kanuni.

Bunge kwa upande wake halikukaa bure. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, katika kifungu cha 20, inasema kwamba kanuni yoyote ya mila au uamuzi wowote unaomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Mwaka 2000 Katiba iliongezewa neno jinsia katika maelezo ya maana ya ubaguzi, neno ambalo halikuwamo Jaji Mwalusanya alipoandika hukumu yake.

Upendeleo wa makusudi na pande mbili za mizani

Marekebisho hayo ya mwaka 2000 yaliingiza jambo la pili. Ibara ya 13(5) inaeleza kwamba neno kubagua lisichukuliwe kuizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Kwa maneno mengine, Katiba ya Tanzania haimtendei kila mtu kama kwamba wote wameanzia mstari mmoja. Marekani imeelekea kwingine: mwezi Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika mashauri dhidi ya vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina, ilikataza vyuo kuizingatia rangi ya mwombaji kama kigezo cha kumpokea.

Watu wa Kagera wana sababu ya kulielewa suala hili kwa undani kuliko wengi, maana wamekaa pande zote mbili za mizani. Mkoa huo, ambao hadi 1979 uliitwa Ziwa Magharibi, ulitangulia pamoja na Kilimanjaro katika elimu kwa sababu ya shule za misheni na fedha za kahawa. Serikali ilipoanza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mafungu ya mikoa katika miaka ya 1970, mtoto wa Bukoba aliweza kukosa nafasi kwa alama ambazo zingemtosha mwenzake wa mkoa uliochelewa. Wazazi walinung'unika, kisha wakajenga shule za binafsi. Nchi ilipata madaktari na wauguzi kutoka mikoa ambayo isingewatoa kwa haraka hiyo. Gharama ilikuwa ya kweli na faida ilikuwa ya kweli. Anayesimulia moja na kuficha nyingine hajasimulia yaliyotokea.

Hatua za namna hiyo zinazogusa kijiji leo ni nyingi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Halmashauri za wilaya hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 kuwa na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu, na hospitali binafsi au za mashirika ya dini hazikuachwa nje ya sharti hilo. Ni halali kuuliza kama nafasi za namna hii huwafikia walengwa au huishia kwa wake na mabinti wa wenye uwezo. Swali hilo hujibiwa kwa kukagua orodha ya walionufaika, kijiji kwa kijiji.

Kazi ya mhudumu na haki ya mgonjwa

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi kwa sababu ya hali ya mtu ya maambukizi, iwe ya kweli au ya kudhaniwa tu. Matokeo ya kipimo ni siri. Ndugu anayefika hospitalini kuuliza shemeji yake alikuwa anatibiwa nini hastahili jibu, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu, hata akiwa mkubwa wa ukoo na hata akija kwa upole. Taarifa inayotoka kwenye jalada leo yaweza kuwa ushahidi dhidi ya mjane kwenye kikao cha msiba kesho. Kazini nako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu za jinsia, ujauzito, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri na nyinginezo.

Wosia ndio karatasi yenye nguvu kubwa zaidi, na Holaria Pastory aliingia mahakamani akiwa nao. Kwa kanuni za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo; asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne. Wosia wa mdomo nao unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wake wa mwenye kuusia waliopo nyumbani wakati huo nao hushuhudia. Mashahidi wawe watu wazima wenye akili timamu, na ni busara wasiwe warithi. Wosia huweza kupingwa kwa hoja kwamba aliyeusia hakuwa na akili timamu kwa sababu ya maradhi. Ndiyo maana wosia ulioandikwa kwenye kitanda cha mwisho, mgonjwa akiwa na homa kali au amechanganyikiwa, ni dhaifu. Wakati mzuri wa kulizungumza jambo hili ni miaka ambayo mgonjwa anakuja kliniki kwa miguu yake. Tabibu akiombwa kuthibitisha hali ya akili ya mgonjwa, aandike alichokiona na tarehe, bila kujiingiza katika mgawanyo wa mali. Wosia unaweza kuhifadhiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, kwa ada.

Baada ya kifo, jambo la kwanza ni cheti cha kifo. Fomu ya hospitali ijazwe kwa usahihi na ikabidhiwe bila kuchelewa; kwa aliyefia nyumbani, ofisi ya mtendaji wa kijiji ndiyo pa kuanzia. Maombi ya kusimamia mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mjane anaruhusiwa kuomba yeye mwenyewe kuwa msimamizi. Mahakama itatazama ni sheria ipi inayomhusu marehemu, ya mila, ya Kiislamu au ya serikali, kwa kuangalia dini yake na namna alivyoishi. Mgogoro wa mpaka au wa kuvamiwa shamba ni suala jingine: huo huanzia kwa usuluhishi kijijini na katani, na ukishindikana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuuchanganya mgogoro wa namna moja na wa namna nyingine humpotezea mjane nauli na miezi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao hawalipwi na mteja.

Limebaki suala la mzee asiye na wa kumtunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi huduma za afya bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Mwaka huo huo, huko Nshamba katika Wilaya ya Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza kuwalipa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa bibi wanaolea wajukuu waliofiwa na wazazi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza jinsia wala ukoo. Tanzania Bara haijawa na pensheni ya wazee wote, kwa hiyo mzee wa Muleba anayeshindwa kulima bado anaweza kulazimika kuchagua kati ya kuuza kibanja na kulala njaa. Anapofika zahanati akiwa amedhoofika, afisa ustawi wa jamii wa kata au wa hospitali ndiye wa kuitwa kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Swali la kuandikwa kwenye fomu ya rufaa ni nani anapika chakula chake, na shamba kinakotoka chakula hicho limeandikwa kwa jina la nani.